Taa ya Breki, Mama na Boti ya Kibirizi

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake ilikuwaje nikatoka Tabora na gari langu, nikafika Kibirizi kwa bajaji, na nikamrudisha Mama nyumbani siku mbili baadaye kuliko nilivyoahidi. Nimesimulia vipande vipande mpaka nimechoka, na kila nikisimulia kuna mtu anaangua kicheko kabla sijafika kwenye kisa chenyewe. Basi nimekaa chini nimeandika. Chekeni mkiwa kwenu.

Kwa asiyejua, Mama yangu, Bi Mwamini, ni mzaliwa wa Bangwe, Kigoma, aliyeolewa Tabora. Dada yake, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa, anaishi Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi, ambako watu husafiri zaidi kwa boti. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na moja. Mama Mkubwa ana mume aliyelala kitandani, na hataki kumwacha usiku na watu wengine. Mama naye hakanyagi chombo cha majini tangu kaka yao alipozama ziwani, yeye akiwa msichana. Wakapatana kwa simu: Jumamosi Mama Mkubwa atateremka na boti ya asubuhi mpaka Kibirizi, kituo cha boti pale Kigoma mjini, na saa sita mchana atarudi na boti hiyo hiyo. Jumapili boti haziendi. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, Mama awe Kibirizi Jumamosi kabla ya saa sita.

Mama alitaka twende kwa basi. Mimi nikasema gari tunalo. Gari lenyewe mnalijua, ni lile la Kijapani ambalo wajukuu wangu wanaliita Kobe, lenye umri wa kuoa. Nimelitunza kwa mikono yangu na sipendi kusikia mtu akilisema.

Tabora hadi Urambo

Tuliondoka Alhamisi saa moja asubuhi. Mama alikaa kiti cha mbele, kikapu miguuni, tasbihi mkononi, na ndani ya kikapu asali ya kumpelekea dada yake, kanga doti mbili na mkate wa kumimina aliouoka mwenyewe. Hatukuwa tumemaliza nusu saa barabarani, taa nyekundu ikameta kwenye dashibodi, ile ya duara lenye alama ya mshangao katikati. Ikazimika. Mbele kidogo, nilipokanyaga breki kwenye tuta, ikameta tena.

"Hiyo nini?" akauliza Mama.

"Si kitu, Mama."

"Kitu kisichokuwa kitu kinawaka?"

Nikacheka, nikaongeza sauti ya redio. Ukweli ni kwamba sikujua. Nilikagua hendibreki, imeshuka mpaka chini. Nikajiambia ni waya umechoka. Mtu mwenye gari la zamani huzoea kujiambia mambo, na asilimia kubwa ya mambo hayo huanza na neno "waya."

Mpaka tunaingia Urambo ilikuwa haizimiki tena. Na mwenzake alikuwa amejitokeza, taa ya njano yenye herufi tatu, ile ya mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki ghafla. Nikapaki kwa fundi aliyekuwa na kibanda kando ya barabara. Alifungua boneti, akaangalia kikopo cha mafuta ya breki, akaniangalia mimi kwa namna ambayo sikuipenda.

"Mzee, mafuta yako chini ya mstari. Kuna boya dogo humu ndani, likishuka linawasha taa. Ndiyo maana mwanzo ilikuwa inameta ukikanyaga, mafuta yalikuwa yanacheza."

"Yanavuja?"

Akazunguka matairi yote manne, akapapasa kwa ndani, akakagua na chini. Hakuna unyevu. "Hayavuji. Pedi zako za mbele zimelika. Pedi ikilika, mafuta yanaifuata kule chini, kikopo kinapungua. Bado zina siku, lakini si nyingi. Saizi hii hapa Urambo huipati, kabadilishe Kigoma."

Akajaza mafuta mpaka kwenye mstari na taa nyekundu ikazimika. Ile ya njano alisema haijui, yeye ni mtu wa injini. Leo nampenda kwa jibu hilo, ingawa kwa wakati ule nilimwona hana maana. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la muuza karanga na wameshaelezana habari za wajukuu wote.

Kaliua, mahali pa utepe mweusi

Ile ya njano ilikuwa na tabia zake. Nikizima gari nikawasha, haionekani. Tunakwenda vizuri, mara inawaka, inakaa hivyo kwa muda, inazimika. Kaliua tulisimama kula. Tulipata chai ya maziwa na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chumvi, mikavu kwa nje na laini kwa ndani, na Mama akaagiza sahani ya pili huku akilalamika kwamba haina mawese. Kwake chakula chochote kisichopita kwenye mawese bado hakijaiva sawasawa. Akikohoa ni mawese, mlango ukilia ni mawese, visigino vikipasuka ni mawese. Tumelelewa hivyo na tuko hai.

Fundi wa pale alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alisikiliza maelezo yangu kidogo tu, akaingia kiti cha dereva, akachana kipande cha utepe mweusi wa umeme, akakibandika juu ya taa.

"Tayari, mzee wangu. Huioni, haikusumbui. Wateja wangu wengi ndivyo ninavyowafanyia."

Nikiri mbele yenu kwamba sikumkemea. Nilimshukuru. Nilikuwa nimechoka kuulizwa "hiyo nini," na kioo cha dashibodi kilionekana kitulivu kweli. Tukaondoka.

Hatukwenda mbali. Mama aliinama, akaubandua ule utepe kwa ukucha, akauviringisha na kuutia kwenye kikapu chake.

"Mama!"

"Kama gari lina neno, liache liliseme. Mimi ndiye nimepakiwa humu."

Nikanuna mpaka Malagarasi. Mama hakununa, aliimba kaswida zake na kumega mkate aliokuwa ameapa kwamba hautaguswa mpaka umfikie dada yake.

Uvinza na Fundi Yona

Kuelekea Uvinza mvua ilitunyeshea, na taa ikawa inawaka kila baada ya muda mfupi. Sasa hata mimi moyo ulianza kunidunda, kwa sababu mbele kulikuwa na miteremko, na breki za kawaida zingekuwepo, lakini kwenye lami iliyolowa nilizitaka breki zangu zikiwa kamili. Saa tisa na nusu alasiri tukaingia Uvinza, nikaulizia fundi umeme wa magari. Wote waliniambia jina moja, Yona.

Fundi Yona ni mtu mwembamba wa makamo, Muha wa hapo hapo, mwenye sauti ndogo. Alimsalimia Mama kwanza, "Shikamoo, Mama," kisha akatupia na salamu ya Kiha, na Mama, ambaye Tabora hatumsikii akizungumza Kiha hata neno, akachangamka wakazungumza mpaka nikaanza kuangalia saa. Mwishowe akanigeukia.

"Mzee, taa inawaka lini?"

"Inawaka tu. Njiani."

"Njiani ni ndefu. Mkiwa wapi? Kwenye tuta? Ukikanyaga breki? Ukipinda?"

Kutwa nzima nilikuwa nikiitazama ile taa kwa hasira, na nilichojua juu yake ni kwamba ni ya njano.

"Inawaka tukipinda kulia," akasema Mama kutoka kwenye kigoda alichopewa. "Tukipinda kushoto haiwaki. Kona ikiwa ndogo haiwaki, ikiwa kubwa inawaka. Na pale tulipogeuza gari kumfuata muuza ndizi, iliwaka."

Fundi Yona aliweka chini spana aliyokuwa ameshika. "Ego, ndiyo hivyo, Mama. Umeshanimalizia nusu ya kazi."

Akanielezea, na mimi nawaelezea nyinyi kwa sababu ni jambo zuri kulijua. Kila tairi lina sensa yake, kijidude kinachosoma tairi linazunguka kwa kasi gani na kupeleka habari kwa waya. Sensa moja ikinyamaza, mfumo mzima unajizima na taa inawaka. Matairi ya mbele hupinda, na waya wake hupinda nayo, miaka nenda miaka rudi. Akapandisha gari kwa jeki, akafungua tairi la mbele kushoto, akachomoa sensa. Ncha yake ilikuwa imevaa matope mekundu na unga wa chuma kama ndevu. Akaisafisha kwa kitambaa. Mimi nikadhani tumemaliza.

"Bado," akasema. "Uchafu haujui kulia na kushoto."

Akatoa mita yake ndogo ya umeme, akashikisha nyaya zake mbili kwenye waya wa sensa, namba ikatokea ikatulia. Akaniambia nizungushe usukani kulia taratibu. Nikazungusha. Karibu na mwisho, namba ikapotea. Nikarudisha, ikarudi. Tulifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nacheka peke yangu kama mtoto. Waya ulikuwa mzima kwa nje kabisa, ila ndani ya ngozi yake nyuzi zilikuwa zimekatika, zinagusana gari likienda moja kwa moja na kuachana likipinda.

Kuunga kulihitaji kifaa cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, na umeme ulikuwa umekatika. Fundi Yona hakushtuka. Alikuwa na cha zamani kisichotumia umeme, kipande cha shaba chenye mpini, akakichomeka kwenye jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani, katikati ya sufuria ya maharage na birika la chai. Mama ntilie alilalamika kwamba chakula chake kitanuka gereji. Kwa kumtuliza ilibidi tule hapo, na nashukuru tulikula, kwa sababu alikuwa na kambale wa Malagarasi wa kukaushwa, aliyepikwa kwa karanga, na ugali wa muhogo. Mara ya kwanza risasi haikushika kwa unyevu. Mara ya pili ikashika. Akafunika maungio, akaufunga waya kwa nafasi ili usivutwe tena. Nikawasha, nikapinda kulia, nikapinda kushoto, nikazunguka kiwanja kizima cha soko watu wakinishangaa. Dashibodi ilikuwa shwari.

Jua lilikuwa linazama, Mama akasema mtu mzima halazimishi barabara. Tukalala Uvinza kwenye nyumba ya wageni iliyo safi, na asubuhi nikanunua mfuko wa chumvi ya hapo kwa ajili ya wenyeji wetu.

Kabla hatujaondoka Fundi Yona alipita kutuaga. Aliniomba niendeshe hatua chache, nikanyage breki. Breki ikalia, wiii, sauti nyembamba.

"Umeisikia? Pedi ina kiulimi cha chuma. Ikikaribia kwisha, kiulimi kinagusa diski, kinalia ili ujue. Breki zinashika vizuri, lakini ukifika Kigoma badilisha mapema. Usisubiri mpaka inyamaze." Akanipa namba yake ya simu.

Uvinza hadi Ujiji

Hii ndiyo sehemu ya safari ambayo ningependa kuirudia. Mvua ilikuwa imeosha kila kitu, michikichi ikaanza kuonekana, na Mama akawa ananitajia majina ya vilima kwa makosa na kujisahihisha. Breki ililia kwenye kila mteremko.

"Hiyo nini tena?" akauliza.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Nilijua ni nini. Nilikuwa nimeelezwa saa moja nyuma, kwa Kiswahili chepesi, na mtu anayejua. Lakini niliwaza nikimwambia pedi zinakwisha, atashika tasbihi mpaka Ujiji na atanitaka nimtafutie basi. Nikasema, "Si kitu, Mama. Kelele tu. Gari la zamani."

Akarudi kwenye vilima vyake. Nikajipongeza.

Ujiji tulifikia kwa binamu yangu Zuhura, mjane mwenye maneno mengi na moyo mkubwa zaidi ya maneno yake, ambaye anauza mawese kwa madumu. Alitupokea kwa vigelegele, akatukalisha kwenye mkeka, akatuletea migebuka ya kukaanga, wale samaki wa ziwani, maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka yana rangi ya machungwa, na ugali mweupe wa muhogo unaovutika. Mama alikula akafumba macho. Nilitaka kwenda kutafuta pedi mchana ule ule, lakini ilikuwa Ijumaa, tukaenda msikitini, tukarudi tukakuta wageni, wageni wakazaa wageni. Kila aliyeingia alikuwa ama ndugu ama anadai ni ndugu. Nikasema nitabadilisha tukisharudi kutoka Kibirizi. Kutoka Ujiji mpaka Kibirizi si mbali, pedi zilizonifikisha kutoka Tabora hazitashindwa na hapo.

Ujiji, Jumamosi asubuhi

Nyumba ya Zuhura iko juu kidogo ya barabara, na uwanja wake una mteremko. Saa nne kasoro Mama alikuwa ameshavaa, ameshajifukiza udi, amekaa kwenye baraza na kikapu chake. Kwa bahati nzuri alisema nitangulize gari barabarani, yeye atashuka kwa miguu. Nikawasha Kobe. Taa zote zikawaka kama kawaida, zikazimika moja moja kama kawaida. Nikaachia gari liteleze.

Nikakanyaga breki. Kanyagio likawa gumu mguuni, kama siku zote. Gari likaendelea kwenda.

Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Gari likapunguza kidogo tu, kwa uvivu, likavuka barabara. Nilivuta hendibreki mpaka mkono ukauma, na Kobe akaenda kuzika pua yake kwenye lundo la mchanga wa jirani anayejenga. Hakukuwa na mtu njiani. Nilipoinua macho, kitu cha kwanza nilichokitazama ni dashibodi. Ilikuwa inawaka taa ya hendibreki niliyoivuta mwenyewe, basi. Wakati wote gari lilipokuwa linakwenda lenyewe, hakuna taa hata moja iliyonena.

Nikampigia Fundi Yona.

"Taa gani imewaka?" akauliza.

"Hakuna."

"Kanyagio liko laini au gumu?"

"Gumu."

"Basi mafuta yapo, na nguvu inafika kwenye tairi. Tatizo liko nje, pedi na diski hazishikani. Fungua tairi la mbele, Mzee. Ukishafungua, nusa."

"Ninuse?"

"Nusa."

Nikapandisha jeki, nikafungua nati, nikavua tairi. Diski iliyokuwa iking'aa kama sarafu sasa ilikuwa na rangi ya machungwa, inateleza kwa mafuta. Sikuhitaji hata kuinama. Harufu ilikuwa ya maharage ya Ijumaa.

"Mawese!" nilifoka. "Nani amepaka gari langu mawese? Zuhura!"

Zuhura akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaangalia, akashika kiuno. "Yee! Mimi mawese nauza, sipaki magari."

"Ni mimi," akasema Mama.

Alikuwa ameshuka mpaka barabarani bila sisi kumwona. Alikuwa amesimama kando ya kikapu chake, na macho yake alikuwa ameyaelekeza chini.

"Nilipomaliza kuswali alfajiri nikachukua kitambaa cha Zuhura. Nikapitisha mkono kwenye yale matundu ya tairi, huku na huku, ya mbele tu, ya nyuma sikuyafikia. Gari lilikuwa linalia njia nzima, mwanangu. Nikakuuliza, ukasema si kitu, kelele tu. Nikasema kama ni kelele tu, mimi naijua dawa ya kelele."

Mzee wa karibu miaka themanini aliinama kwenye umande, akapapasa chini ya gari kwa mkono wenye baridi yabisi, ili gari limfikishe kwa dada yake bila kulia. Mtu aliyejua ile sauti ni nini alikuwa mimi, nami nilimnyima. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

"Kosa ni langu, Mama," nikasema. "Ile kelele ilikuwa ni kitu. Nilijua."

Akainua macho, akaniangalia. "Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa nne na nusu imepita. Kusafisha diski na kutafuta pedi kungetuchukua mpaka adhuhuri, na pedi zilizokunywa mafuta haziaminiki tena. Mama akaokota kikapu.

"Niitie bajaji."

Kibirizi

Nawaomba mnipe heshima yangu. Nimeendesha kutoka Tabora, nimesimama kwa mafundi watatu, nikaingia Kibirizi nimekunja magoti nyuma ya bajaji, nimepakata mfuko wa chumvi ambao Zuhura alinirushia akisema umfikie Mama Mkubwa. Bajaji ilipofunga breki kwenye mzunguko, ikalia, wiii. Mama akageuka akanitazama.

"Pedi," nikasema haraka. "Zinakaribia kwisha."

"Haya," akasema, akatazama mbele. Dereva naye akajitetea kwamba kesho anabadilisha.

Kibirizi kulikuwa kumejaa. Dagaa wametandazwa kila mahali, wachuuzi wanagombania njia na wapagazi, na harufu ya samaki na dizeli pamoja. Boti ya Kagunga ilikuwa imeshapakiwa karibu yote, magunia katikati, watu pembeni. Siku hiyo ilikuwa imejaa mapema na nahodha alikuwa anataka kuondoka kabla ya saa yake. Mama Mkubwa alikuwa ameshapandishwa. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa, amegeukia nchi kavu, na alipomwona Mama alisimama, boti ikayumba, watu wakapiga kelele.

"Mwamini!"

"Dada!"

Kati yao palikuwa na maji ya kufika mapajani. Kwa Mama Mkubwa kushuka ilikuwa tabu, amezungukwa na magunia. Mama alivua viatu vyake, akaviingiza kwenye kikapu, akanipa kikapu, akamwita mpagazi mmoja mwenye mabega mapana kati ya wale wanaobeba abiria kuwapeleka botini.

"Baba, nipeleke pale."

Akabebwa mgongoni, kanga imeshikiliwa kwa meno, macho ameyafumba. Huyu ni mtu ambaye tukiwa wadogo alikuwa akitukataza hata kucheza kwenye karai. Mpagazi akamweka botini karibu na dada yake, na wale wazee wawili wakashikana, wakalia, wakacheka, wakaangaliana meno yaliyobaki. Nikavua viatu nikaingia majini na kikapu na chumvi kichwani. Nilifika nikawakuta tayari wanagombana juu ya nani alikuwa akipendwa zaidi na baba yao.

Nahodha alitupa muda kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Bibi asiyesafiri ashuke, tunaondoka."

Nikanyoosha mikono nimpokee Mama. Hakusogea. Alikuwa ameshika mkono wa dada yake, anatazama ziwa kama mtu anayetazama mtu aliyemkosea zamani.

"Nakwenda," akasema.

"Unakwenda wapi?"

"Kagunga. Miaka kumi na moja haizungumzwi kwa dakika kumi. Nitarudi Jumatatu. Wewe kalitengeneze gari lako."

"Mama, huna hata nguo!"

"Nguo za dada yangu zitanienea."

"Na ziwa? Upepo ukivuma? Mama, hii boti…" Yule msaidizi wa nahodha alikuwa anamvika boya la kuvaa, na alionekana mdogo ndani yake.

"Boti haina breki hata moja," akasema Mama, "wala haina taa. Na watu wanafika." Kisha akanishika shavu kwa mkono ambao bado ulikuwa unanukia mawese. "Si kitu, mwanangu."

Boti ikasukumwa. Nilibaki nimesimama majini mpaka sikuwaona tena, na hapo ndipo nilipojua jibu lile linamwacha mtu katika hali gani.

Kurudi

Jumapili nilibadilisha pedi, nikasugua diski kwa petroli na sabuni mpaka hazina hata harufu, Zuhura akiwa amekaa kwenye baraza anasema ni mara ya kwanza kuona mawese yakioshwa badala ya kuliwa. Nilikwenda mpaka Bangwe kujaribu breki, zikashika kimya kimya. Jumatatu kabla ya saa nne nilikuwa Kibirizi, na niliwahi mno. Mama alishuka mgongoni mwa mpagazi yule yule, amevaa gauni la dada yake, anacheka, na dumu la mawese la lita tano. "Haya ni ya kupikia," akanionya.

Jumanne tukashika njia ya kurudi. Uvinza tulisimama kumpa Fundi Yona migebuka mikavu. Nilimsimulia, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamwambia Mama kwamba akichoka kukaa Tabora, gereji yake ina nafasi ya mtu anayejua kusikiliza gari.

Tulipita Kaliua bila kusimama. Mbele kidogo, kwenye kona kubwa ya kushoto, ambako tangu mwanzo hakujawahi kutokea jambo, taa ya njano ikawaka. Sekunde chache, ikazimika yenyewe, na mpaka leo haijawaka tena.

"Hiyo nini?" akauliza Mama.

Mdomo ulikuwa umeshaanza kwa mazoea. Nikaufunga.

"Sijui, Mama."

Akaitika kwa kichwa, akalegeza mkanda wake, akaegemea kiti vizuri.

"Hilo ndilo jibu nililokuwa nalitaka tangu Tabora," akasema, na tulipofika Urambo alikuwa amelala.